Kuingia na Kufaa

Swali linaloulizwa zaidi kuhusu vifaa vya kupiga mbizi ni fupi: regulata hii na valvu ya mtungi ule, zinaoana? Mtafsiri hulizunguka neno hilo kama paka na kaa la moto. Ataandika zinalingana, afute, aandike zinapatana, na akiwa amewahi kukaa ofisini ataandika upatanifu. Fundi wa mitungi hana shida hiyo. Yeye huuliza, "Inaingia?" Ni swali zuri, lakini ni nusu tu ya swali.

Mwenye jiko la gesi anaijua regulata. Ya mpiga mbizi hufanya kazi hiyohiyo kwa ukali zaidi. Hupokea hewa yenye shinikizo la bari 200 hivi kutoka mtungini, huishusha hadi kama bari 10 juu ya shinikizo la maji yaliyomzunguka mtu, kisha kipande cha mdomoni huishusha tena mpaka iweze kuvutwa na mapafu. Wako wanaopendekeza tuiite kidhibiti. Sawa, ila Tanzania ina EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na umbali kati ya mdhibiti na kidhibiti ni silabi moja tu. Mimi nabaki na regulata. (Mpiga mbizi naye simwiti mzamiaji, maana Dar es Salaam mzamiaji ni yule anayejificha melini aende Ulaya bila nauli.)

Namna za kuunga regulata na valvu ni chache. Ya kwanza huipiga valvu kabali kwa fremu ya chuma na skrubu ya nyuma. Wamarekani wameiita kwa jina la nira ya ng'ombe, lakini seremala yeyote wa Mombasa akiiona atasema hiyo ni jiriwa, naye atakuwa ameipatia kuliko wao, kwa sababu hubana vilevile kwa kukaza skrubu. Ya pili haibani kwa nje. Ina hesi, huzungushwa ikaingia ndani ya valvu. Hiyo huitwa DIN, herufi za taasisi ya viwango ya Ujerumani. Valvu nyingi siku hizi hupokea zote mbili: ndani ya tundu kuna kipande cha shaba chenye oringi, ile pete ya mpira ya kuziba, usoni. Kikiwemo, jiriwa inapata pa kukaa. Ukikitoa kwa alenki, DIN inaingia.

Hapo DIN ndipo sarufi yetu inapoanza kudanganya. Kuna DIN ya bari 200 na DIN ya bari 300. Kipenyo ni kimoja, hesi ni zilezile, ila ya 300 ni ndefu zaidi. Regulata ya 300 huingia kwenye valvu ya 200 na kuziba vizuri. Regulata ya 200 ukiipeleka kwenye valvu ya 300 itazunguka mpaka mwisho wake bila oringi kugusa kitako, na hewa itavuja. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili kifaa cha shinikizo dogo kisifungwe kwenye mtungi wa shinikizo kubwa. Sasa tazama kauli ya kutendana. Tukisema zinaingiana, zinaoana, zinapatana, ile -ana imeshaahidi kwamba jambo ni la pande mbili. Hapa ni la upande mmoja. Inayotufaa ni kauli ya kawaida: ya 300 huingia kwenye ya 200, ya 200 haikai kwenye ya 300.

Halafu ikaja gesi mpya. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ukiiongezea, tuseme mpaka 32, naitrojeni hupungua na mwili huinyonya kidogo, kwa hiyo mtu anaweza kukaa chini muda mrefu zaidi. Mabaharia wa boti za watalii huiita naitroksi, basi. Vyombo vya habari, vilivyokwisha kutupa urani iliyorutubishwa, vinaweza kesho kutupa hewa iliyorutubishwa. Nalipinga neno hilo. Kurutubisha huahidi neema tupu, kama mbolea shambani, na msomaji atadhani hewa hiyo itampeleka chini zaidi. Ni kinyume chake. Oksijeni ikizidi shinikizo huwa sumu na kuleta degedege. Kwa kikomo cha bari 1.4 kinachofuatwa na wengi, mwenye mchanganyiko wa asilimia 32 asivuke mita 33 hivi. Hewa iliyoongezwa oksijeni ni jina refu, lakini halimdanganyi mtu.

Ulaya waliamua kuitenga gesi hii kwa chuma chenyewe. Tangu 2008, viwango vyao vinataka vifaa vipya vya mchanganyiko unaozidi asilimia 22 viwe na hesi ya M26. Jina hilo ni kweli tupu: milimita 26. DIN ya kawaida huitwa ya inchi tano juu ya nane, yaani karibu milimita 16, ilhali ukiipima kwa kaliba utapata karibu 23. Ni jina la urithi kutoka kwenye mabomba ya zamani ya Uingereza, yaliyohesabiwa kwa tundu la ndani. Nje ya Ulaya M26 haikushika, na mgeni akishuka Unguja nayo, kwenye valvu ya DIN ya kawaida haitaingia. Dawa yake ni adapta.

Na adapta ndiyo inayobomoa swali la fundi. Kwa adapta, karibu kila kitu kitaingia. Lakini oksijeni nyingi ikifunguliwa ghafla kwenye njia yenye grisi ya kawaida, hewa hujibana, joto hupanda, na grisi inaweza kuwaka ndani ya chuma. Ndiyo maana valvu hufunguliwa polepole. Kwa mazoea ya wengi, regulata ya kawaida hutumika hadi asilimia 40, mtengenezaji akiruhusu. Valvu ina hesabu yake: pale mtungi unapojazwa oksijeni tupu kwanza kisha hewa, valvu imepitiwa na oksijeni ya asilimia 100 hata kama regulata haitaonja zaidi ya 32. Vifaa viwili vimefungwa pamoja, hesi kwa hesi, na kimoja chahitaji kuondolewa mafuta yote na kuwekewa oringi maalumu wakati kingine kinaweza kusamehewa.

Basi tuyatenge. Kuingia tuliachie hesi, kufaa tuliachie gesi, na kwenye maelezo ya kifaa yaandikwe yote mawili. Nawe mwandishi wa habari, mtungi wa mpiga mbizi aliyetumwa kuokoa watu usiuite mtungi wa oksijeni. Una hewa. Oksijeni tupu huanza kuwa hatari kabla hajafika mita kumi.