Utambulisho wa Nyuzi katika Viigizi vya Kompyuta Nzima: Mtazamo wa Kihistoria

Kiigizi cha kompyuta nzima huendesha mfumo endeshi halisi bila kuubadilisha, na huweza kunakili kila anwani ya kumbukumbu inayosomwa au kuandikwa. Hata hivyo, huona kichakataji tu. Uzi wa utekelezaji ni zao la mfumo endeshi. Ni sawa na mzigo utokao Njombe na kupakiwa kwenye reli ya TAZARA huko Makambako: behewa halimtaji mwenye mzigo, hati ndiyo humtaja.

SimOS, iliyoelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1995, iliruhusu vidokezo kufungwa kwenye anwani za kiini cha mfumo, hivyo kila mabadilishano ya kazi yalitambuliwa yalipotokea. Simics, ya kampuni ya Virtutech ya Uswidi iliyoanzishwa 1998, nayo iliwezesha kusomwa kwa miundo ya data ya kiini.

Udhaifu ulibaki mmoja: mpangilio wa miundo hiyo hubadilika toleo hadi toleo. Ukibadilika, uzi usiohusika hubebeshwa usomaji wa mwingine, wala hitilafu haijitangazi. Kwa hiyo, rekodi isiyotaja toleo la kiini haitoshi kuwa ushahidi.