River Country: Bustani ya michezo iliyotegemea maji ya ziwa

River Country ilikuwa bustani ya kwanza ya michezo ya maji kujengwa na kampuni ya Walt Disney. Ilifunguliwa tarehe 20 Juni 1976 kando ya ziwa Bay Lake, katika jimbo la Florida, Marekani. Susan Ford, binti ya Rais Gerald Ford, alihudhuria ufunguzi huo na kuteleza majini.

Waliobuni bustani hiyo walikusudia kuiga mahali ambapo watoto wa mashambani wa Marekani ya zamani walikuwa wakiogelea: mchanga chini, miamba pembeni, kamba za kuning'inia juu ya maji. Hata hivyo, miamba ilikuwa ya bandia na mkondo uliendeshwa kwa pampu. Maji yalivutwa kutoka ziwani, yakachujwa, kisha yakapandishwa hadi kileleni ili yateremke kwenye mitelezo na kuingia katika ghuba ndogo. Kimo cha maji ya ghuba hiyo kilizidi kidogo kile cha ziwa, hivyo ya ziada yakamwagika nje na yale yasiyochujwa yakazuiwa kuingia.

Mchujo huo haukuondoa kila hatari. Mnamo Agosti 1980, mvulana wa umri wa miaka 11 alifariki baada ya kuogelea humo. Aliuawa na amiba aitwaye Naegleria fowleri, ambaye huishi katika maziwa na mito iliyopata joto. Kuyanywa maji hayo hakuleti maradhi; amiba hupenya puani na kupanda hadi kwenye ubongo, na wanaonusurika ni wachache mno. Wavulana wengine wawili walikufa maji bustanini, mmoja mwaka wa 1982 na mwingine 1989.

Wakati huo wapinzani walikuwa wameshajitokeza. Wet 'n Wild ilifunguliwa Orlando mwaka wa 1977, nayo Disney yenyewe ikajenga Typhoon Lagoon mwaka wa 1989 na Blizzard Beach mwaka wa 1995. Hizi mbili zilikuwa kubwa zaidi na hazikutegemea maji ya ziwa.

River Country ilifungwa Novemba 2001, utalii ulipodorora kufuatia mashambulizi ya Septemba 11. Ilidhaniwa kuwa ingefunguliwa tena msimu uliofuata, lakini milango ilibaki imefungwa, na mwaka wa 2005 kampuni ikatangaza kwamba haitafunguliwa kamwe. Vichaka viliimeza mitelezo hadi masalia yake yalipobomolewa mwaka wa 2019.