Kutoka Nuu hadi Matumbawe ya Malindi

Msomaji mpenzi, kama umezaliwa Nuu, au Mutomo, au Kibwezi, au penginepo katika nchi kavu ya Wakamba, basi umefundishwa tangu utoto kuyaheshimu maji. Umewaona mama zako wakichimba mchanga wa mto uliokauka, wakingoja maji yapande polepole chini ya shimo, kisha wakiyateka kwa kibuyu mpaka mtungi ujae. Kwako wewe maji ni kitu cha kutafutwa. Nami leo nataka kukuchukua mpaka mahali ambapo maji hayatafutwi, bali yameenea mpaka jicho lachoka kuyatazama. Tutapanda mashua huko Malindi, tuvae miwani ya kuzamia, tukaione bustani iliyo chini ya bahari. Lakini kwa kuwa somo letu ni historia, katika kila hatua nitakuuliza swali moja: ni nani aliyetuonyesha njia?

Tuanze nyumbani. Njia ya kutoka Ukambani kwenda pwani haikufunguliwa na reli, wala na barabara ya lami. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara mikubwa ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa mwaka hata mwaka, mamia ya watu kwa safari moja, wamebeba pembe za ndovu mabegani. Walirudi na nguo, shanga, nyaya za shaba na chumvi. Fikiri kazi iliyokuwamo katika safari hiyo. Nyika iliyo kati ya Kitui na bahari ni pana na kavu, na mtu asiyejua kisima kiko wapi hufa kwa kiu kabla hajafika nusu ya njia. Kwa hiyo mali ya kwanza ya msafara haikuwa pembe, bali ilikuwa ni yule mtu mmoja aliyejua maji yalipo.

Mashuhuri wao alikuwa Kivoi wa Kitui. Mwaka 1849, mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alisafiri mpaka kwa Kivoi. Alipokuwa huko, tarehe 3 Desemba 1849, aliuona kwa mbali mlima wenye theluji ambao sisi twauita Mlima Kenya. Vitabu vingi vimeandika kwamba Krapf ndiye aliyeugundua. Lakini jiulize: aliyempokea, akamlaza, akamsimulia habari za mlima ule kabla mgeni hajauona, alikuwa nani? Alikuwa ni Kivoi. Mlima haukuwa umepotea hata ugunduliwe.

Mwaka 1851 Krapf alirudi, nao wakatoka pamoja kwenda upande wa Mto Tana. Wakiwa njiani walishambuliwa na wanyang'anyi, na Kivoi akauawa. Krapf alikimbia porini peke yake, na kiu ilipomzidi akaufikia mto. Alipokuwa hana chombo cha kuchukulia maji, aliyatia katika mtutu wa bunduki yake. Hebu itazame picha hiyo vizuri. Mtu mwenye elimu ya vitabu, mwenye bunduki na darubini, mara alipompoteza kiongozi wake aligeuka kuwa kama mtoto aliyepotea sokoni.

Baadaye wafanyabiashara wa pwani walianza kuingia bara wenyewe, na biashara ya Wakamba ikafifia. Kisha ikaja reli iliyojengwa kuanzia Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwa la Nyanza mwaka 1901, na mabega ya wapagazi yakapumzika.

Sasa tushuke kwa gari. Tunapita Mwingi na Kitui, tunafika Kibwezi, na hapo tunaishika barabara kuu ya Mombasa. Baada ya Mtito Andei nyika inajitandaza kushoto na kulia: hiyo ni Tsavo. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliitangaza nchi hiyo kuwa hifadhi ya wanyama. Wakamba na Waata waliokuwa wakiwinda humo kwa upinde na mshale wa sumu, kama baba zao, waliambiwa kwamba tangu siku ile wao ni wezi. Katika miaka ya 1956 na 1957 palikuwa na msako mkubwa, na wengi wakatiwa gerezani. Ni kweli kwamba ndovu walikuwa wakiuawa, na kwamba pembe zao zilinunuliwa na matajiri waliokaa mbali na jua la Tsavo. Lakini ni kweli pia kwamba aliyefungwa alikuwa yule maskini aliyeijua njia ya porini. Liweke jambo hili moyoni, maana tutalikuta tena baharini.

Tunapita Mombasa na Kilifi, tunafika Malindi. Huko, juu ya jabali linalopigwa na mawimbi, umesimama mnara wenye msalaba, ukumbusho wa Vasco da Gama wa Ureno. Mwaka 1498 Mreno huyo alizunguka Afrika akitafuta njia ya Bara Hindi. Alifika Mombasa tarehe 7 Aprili, asipatane na wenyeji. Tarehe 14 akafika Malindi, na mfalme wa huko akamkaribisha. Alipoondoka tarehe 24 alikuwa amepewa rubani wa kumwongoza, na tarehe 20 Mei akafika Calicut. Bahari ile kubwa aliivuka kwa siku zisizofika 30. Je, ni kwa uhodari wake? Rubani alijua nyota, alijua pepo za msimu, alijua lini bahari hukubali na lini hukataa. Mabaharia wa Waarabu, Wahindi na Waswahili walikuwa wakiipita njia hiyo karne nyingi kabla ya Mreno kuzaliwa. Kwa muda mrefu watu walisema kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari. Wataalamu wa leo hawakubali, na wengi wanadhani alikuwa mtu wa Gujarati. Basi mnara wa Vasco da Gama upo, lakini rubani hana hata jiwe moja.

Umechoka kusikiliza? Haya, sasa tuingie majini.

Twende miezi ya kaskazi, kati ya Desemba na Machi, wakati bahari imetulia na maji ni maangavu. Maana kusi ikivuma bahari huchafuka. Twende pia wakati wa maji kupwa, mwamba unapokuwa karibu na macho yetu. Mashua inatungoja ufukoni, kusini ya mji. Mwamkie nahodha kwanza, kwa heshima: "Shikamoo, Mzee." Naye atakujibu, "Marahaba, mwanangu. Keti katikati, usisimame." Usidharau amri hiyo. Juu ya nchi kavu huenda wewe ndiwe mwenye elimu. Ndani ya mashua mwenye elimu ni yeye.

Tunapofika juu ya mwamba nanga inashushwa, nahodha anatupa miwani na mrija wa kupumulia. Vyombo hivi navyo vina historia yake. Tangu kale wazamiaji wa lulu katika Ghuba ya Uajemi walishuka chini kwa pumzi zao tu, pua wakizibana kwa kibanio. Miwani ya mpira na kioo, pamoja na mrija, ilianza kuenea katika miaka ya 1930 huko pwani ya Bahari ya Mediterania. Na mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza chombo cha kumpa mzamiaji hewa kutoka katika mtungi. Sisi hatuna haja ya mtungi. Lala kifudifudi juu ya maji, shika boya, uingize uso wako, uvute pumzi polepole. Usiogope: chumvi ya bahari itakubeba.

Sasa tazama. Waswahili husema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Lile uliloliona jiwe si jiwe. Ni matumbawe, nyumba iliyojengwa na wanyama wadogo sana, mmoja juu ya mwingine, kwa maelfu ya miaka. Pita hapa uone samaki vipepeo, wa manjano na weusi, wakienda wawili wawili. Yule mwenye rangi ya buluu anayetafuna mwamba kwa mdomo kama wa kasuku ni pono, ambaye watu wa pwani humtaja wanapomsema mtu mwenye usingizi mzito. Ukibahatika utamwona kasa akipita kwa utaratibu, kama mzee arudiye kutoka barazani.

Lakini usichukue kitu, hata kombe moja tupu. Bahari hii imehifadhiwa tangu mwaka 1968, Malindi na Watamu zote mbili. Kabla ya hapo makombe na matumbawe yaliokotwa na kuuzwa kwa wageni, na mwamba ukaanza kuwa mtupu. Tangu hapo, ndani ya hifadhi hakuna ruhusa ya kuvua wala kuokota.

Hapo ndipo, msomaji, ninapotaka ukumbuke Tsavo. Kabla ya mwaka 1968, ni nani aliyekuwa mwenye bahari hii? Alikuwa mvuvi. Alilijua kila pango la mwamba kama wewe uujuavyo uwanja wa nyumbani kwenu. Ilipotangazwa hifadhi, alitakiwa aihame bahari iliyomlisha, ili wageni wapate kuitazama. Wako wavuvi ambao malalamiko yao hayajaisha mpaka leo, na sisi watoto wa Ukambani, ambao babu zetu walifukuzwa Tsavo, hatuna haki ya kuyacheka.

Je, hifadhi ilikuwa kosa? Mwanafunzi wa historia hapaswi kujibu kwa haraka. Sikiliza na upande wa pili. Mahali samaki wanapovuliwa kupita kiasi, wale wanaokula wanyama wa baharini wenye miiba mirefu hupungua. Wanyama hao wa miiba huzidi, nao huukwangua mwamba mpaka huporomoka, na samaki hukosa makao. Ndani ya hifadhi samaki ni wengi na wakubwa, na wengine hutoka nje ya mpaka wakavuliwa na wavuvi wa jirani. Kwa hiyo hifadhi iliokoa mwamba, na mwamba ukiokoka, mjukuu wa mvuvi atakuwa na kitu cha kuvua. Kosa halikuwa katika kuhifadhi. Lilikuwa katika kumhesabu mwenyeji kuwa adui kabla hajaulizwa lolote. Maarifa ambayo mgeni angeyatafuta miaka 20, mvuvi alikuwa nayo kichwani. Leo wengi wa wanaoongoza mashua hizi ni watoto wa pwani hiyo hiyo, nao hupata riziki yao kwa kuonyesha kile ambacho wazee wao walikivua. Hiyo ni heri, ingawa ilichelewa.

Hata hivyo, ukuta wa sheria hauzuii kila adui. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakageuka meupe kama mifupa, na sehemu kubwa ya miamba ya pwani ya Kenya ikafa. Adui mwingine hutoka kwetu. Mto Athi, ambao ni mpaka wa Kitui upande wa magharibi, hupita katikati ya nchi ya Wakamba, ukifika nyika huitwa Galana, na karibu na bahari huitwa Sabaki. Nao huingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Mvua kubwa ikinyesha katika mashamba yasiyo na matuta, udongo mwekundu husafiri na mto huo mpaka pwani, na maji ya Malindi huwa kama chai ya maziwa. Matumbawe hupenda mwanga. Udongo ukiyafunika hudhoofika.

Nilipoiona bahari mara ya kwanza, nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Nahodha wetu, mzee wa mvi, aliuliza nimetoka wapi. Nikamjibu, "Ukambani, Mzee." Akanionyesha ukungu mwekundu uliokuwa ukielea majini upande wa kaskazini, akasema kwa upole, "Basi ule ni udongo wa kwenu, mwanangu. Mwambieni urudi." Mabaharia wote wakacheka, nami nikacheka, lakini usiku sikupata usingizi.

Basi, msomaji, tumerudi ufukoni. Vua miwani, mshukuru nahodha, na umwulize jina lake. Liandike katika daftari yako. Usifanye kama wale walioandika jina la Vasco da Gama wakaliacha la rubani. Utakaporudi kwenu, ukishika jembe kumsaidia mama yako kutengeneza matuta ya shamba, usidhani kwamba unaulinda mtama peke yake. Kule mwisho wa mto yuko mzee katika mashua, anayatazama maji, anangoja kuona yatakuja na rangi gani.