Gari Halifi kwa Uzee, Hufa kwa Tope



Mwezi Oktoba mwaka 2024 mji wa Arusha ulijaa Landrova. Mamia kwa mamia ya magari hayo yalikusanyika kwa tamasha. Mengine yalikuwa bado mapya, na mengine yalikuwa na umri wa kuwazaa madereva wake. Nilipotazama picha za siku zile nilijiuliza swali moja. Landrova zilizoingia nchi hii tangu enzi za mkoloni ni nyingi mno. Kwa nini hizi bado zinatembea, na wenzao waliotoka kiwanda kimoja, mwaka mmoja, wameishia juu ya mawe nyuma ya ofisi, kuku wakitagia ndani?

Wengi watajibu kwamba hizi zilipata fundi bingwa. Mimi nasema zilipata mwenye gari asiyeona haya kulala chini ya gari lake. Leo naomba tuisimulie historia hiyo, maana inatuhusu hata sisi wa mjini ambao gari letu la juu huliona tope mara moja kwa mwaka, tunapokwenda kijijini sikukuu.

Mwaka 1947, miaka miwili tu baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Wilks alikuwa mkuu wa usanifu katika kampuni ya magari ya Rover huko Uingereza. Alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na shambani humo alitumia Jeep kuukuu ya Kimarekani iliyobaki vitani. Gari lilimfaa, lakini lilikuwa limechoka, na hakuona gari jingine la kulishika nafasi yake. Basi akaamua kulitengeneza yeye. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep, na usukani wake uliwekwa katikati, kama wa trekta. Tarehe 30 Aprili 1948 Landrova ilionyeshwa kwa umma mjini Amsterdam.

Wakati huo chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza. Kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa mabati ya alumini, tena yaliyonyooka, yasiyohitaji mashine ghali ya kuyakunja. Yalifungwa kwa bolti na nati. Mkulima aliyegonga mti aliweza kufungua bawa la mbele kwa spana, akalinyoosha kwa nyundo, akalirudisha. Betri ikifa, kulikuwa na hendeli ya kuwashia kwa mkono. Gari lilikusudiwa mtu anayeishi mbali na gereji, na tangu siku ya kwanza lilimhesabu mwenyewe kuwa fundi.

Lakini sikilizeni jambo ambalo wengi hawakulielewa. Bodi ilikuwa ya alumini, ila chasisi, ule uti wa mgongo unaobeba kila kitu, ilikuwa ya chuma. Iliundwa kwa vipande vya bati nene vilivyochomelewa pamoja vikawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Tope na maji vikiingia humo hukaa, na kutu huanza kula kutoka ndani kwenda nje. Huku juu gari linang'aa, huku chini linaoza. Siku tundu linapoonekana kwa nje, ndani kumekwisha kuliwa zamani. Hata ile alumini, inapogusana na chuma mahali penye unyevu na chumvi, kama huku kwetu pwani, hugeuka unga mweupe na kumomonyoka.

Kwa hiyo kuosha gari la namna hii si urembo. Ni matengenezo, tena ya kwanza.

Wazo kwamba dereva ndiye fundi wa kwanza halikuzaliwa na Landrova. Lilitoka vitani. Mwaka 1940 Ralph Bagnold, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa amezunguka jangwa la Libya kwa magari ya Ford kabla ya vita, aliunda huko Misri kikosi cha kupenya jangwani kwa malori. Gari likifa mamia ya maili ndani ya mchanga hakuna wa kuja kukuvuta. Ilibidi watu wake wajue kupunguza upepo wa matairi ili lisizame, na kubeba mabati ya kutandika chini ya magurudumu. Rejeta zao zilifungwa kopo lenye maji: mvuke wa maji yaliyochemka uliingia humo, ukageuka maji, kisha ukanyonywa kurudi kwenye rejeta. Hawakupoteza tone.

Wamarekani nao walitengeneza Jeep zaidi ya 600,000 katika vita vile, na jeshi lao likatambua upesi kwamba gari linaweza kuuawa na uzembe kabla halijaona risasi. Wakapanga matengenezo kwa madaraja, na daraja la kwanza likawa la dereva mwenyewe. Ili vijana walielewe somo hilo, walimtumia mchoraji wa katuni, Will Eisner, aliyeingia jeshini mwaka 1942. Alichora vichekesho vya askari mzembe anayeua gari lake kwa kusahau mambo madogo. Askari walicheka, na katika kucheka wakajifunza. Kuanzia mwaka 1951 kazi hiyo ikaendelea katika jarida maalumu la jeshi la matengenezo ya kinga. Jeshi kubwa namna ile halikuona aibu kumfundisha mtu kwa katuni jinsi ya kupaka grisi.

Sasa turudi kwetu. Landrova ilikuja na polisi, na bwana shamba, na mganga, na misheni. Baada ya uhuru ikawa gari la maendeleo. Kenya, katika miaka ya 1970, zilifungwa vipande kwa vipande huko Thika. Kisha mambo yakageuka. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Tanzania ikaingia vitani na Idi Amin kuanzia mwaka 1978 hadi 1979. Fedha za kigeni zikawa adimu, na vipuri vikawa adimu kuliko sukari. Hapo ndipo tofauti ya gari na gari ilipoonekana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa karani kijana katika wilaya moja ya bara. Kulikuwa na Landrova mbili za umri mmoja. Moja ilihudumia zahanati, nyingine ilikuwa ya idara ya jirani. Ile ya zahanati iling'aa kila asubuhi. Dereva wake aliipiga sabuni boneti na milango mpaka unajiona uso. Chini hakutazama hata siku moja, na hakuna mkubwa aliyemwambia atazame. Kila wiki gari lilivuka mto. Masika ya pili lilianza kulia nyuma, na siku ya tatu difu ikakwama njiani. Ilipofunguliwa, oili iliyotoka ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yamekaa humo muda mrefu na beringi zimekwisha. Beringi zile zilisubiriwa mwaka mzima. Katika mwaka huo niliona kwa macho yangu wagonjwa wakiletwa kwa kitanda begani, na mama mmoja mjamzito akiletwa kwenye baiskeli, akifika amechelewa. Mtoto hakupona.

Gari la pili lilikuwa mikononi mwa mzee mmoja ambaye hakumaliza darasa la nne. Alikuwa na daftari la shule. Kila Ijumaa aliandika humo: grisi, oili ya difu, maji ya betri. Akitoka mtoni hakulala kabla ya kufungua bolti ya difu kidogo kuona kinachodondoka. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua, na gereji ya serikali ipo. Akanijibu, "Mwanangu, gereji iko maili mia moja. Mimi niko hapa."

Mzee yule alikuwa akifanya nini hasa? Difu iliyotembea kutwa huwa ya moto, na hewa ya ndani imetanuka. Gari likizama ghafla mtoni, hewa ile husinyaa na kuvuta. Kama tundu la kupumulia limeziba kwa tope, maji hunyonywa kupitia oili sili. Ndiyo maana alisafisha tundu hilo. Chini ya klachi, Landrova ina tundu lililoachwa wazi makusudi ili oili inayovuja idondoke nje. Kabla ya maji marefu alilikaza kwa bolti yake, na akishavuka aliitoa. Wanaoisahau humo ndani huja kulalamika kwamba klachi inateleza.

Kisha alipitisha bomba la grisi kwenye viungo vya propela shafti mpaka grisi chafu itoke na safi ionekane. Chujio la hewa, lile la bakuli la oili, alilifungua baada ya safari ya vumbi, akaliosha kwa mafuta ya taa na kuweka oili mpya, kwa sababu vumbi likipita hapo husaga injini kama msasa. Mbegu za nyasi alizitoa kwenye rejeta kwa maji ya kutoka nyuma kwenda mbele. Tope la kwenye springi, ndani ya chasisi na juu ya ekseli alilisukuma kwa maji mengi, akaacha gari likauke juani.

Kazi hiyo yote haihitaji cheti. Inahitaji saa mbili. Ila ina miiko yake. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka magogo au vigingi imara. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto. Na usioshee gari mtoni wala kumwaga oili chafu ardhini, maana kuna watu wanachota maji hapo chini.

Tarehe 29 Januari 2016 Landrova ya mwisho ya ukoo ule wa mwaka 1948 ilitoka kiwandani Solihull, baada ya magari zaidi ya milioni mbili. Magari yaliyofuata yana kompyuta, na mengi yaliyomo ndani mwenyewe hawezi kuyagusa. Nakubali. Lakini tope halijabadilika, chumvi ya pwani haijabadilika, na chuma bado ni chuma. Kijana wa kuosha magari barabarani ukimpa pesa yake ataosha kile unachokiona. Mwambie aoshe chini, kisha uiname utazame wewe.

Ugonjwa wetu ni heshima ya uongo. Tumejifunza kwamba mkubwa hukaa nyuma na kufunguliwa mlango, na kwamba mikono yenye grisi ni ya watu wa chini. Maurice Wilks alikuwa bosi wa kiwanda, na Jeep yake aliijua kwa sababu aliifanyia kazi shambani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa gari uko chini, mahali ambapo suti haifiki.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, vua shati, tandika gunia, ulale chini ya gari lako utazame. Utakachokiona huko kinaweza kukuudhi, lakini afadhali ukione wewe leo kuliko kukiona mgonjwa uliyembeba usiku wa mvua.