Furaha ya Walokole: Kutoka Gahini hadi Uwanja wa Kabale

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hulitumia neno mlokole bila kujiuliza limetoka wapi. Tanzania na Kenya siku hizi mara nyingi humaanisha muumini wa makanisa ya Kipentekoste, na wengine hulitamka kwa kejeli: mtu asiyekunywa, asiyecheza dansi, asiyecheka. Lakini neno lenyewe ni la Kiganda, omulokole, yaani aliyeokoka, na watu wa kwanza kuitwa hivyo katika miaka ya 1930 walichekwa kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Walionekana kuwa na furaha kupita kiasi. Waliimba njiani, walikumbatiana mbele za watu, na majirani wakasema wamerukwa na akili.

Katika insha hii nataka kuuliza furaha ile ilitoka wapi, na kwa nini kwa baadhi yao ilidumu hata mbele ya kifo. Swali hili ni gumu kwa mwanahistoria. Kodi huacha hati, vita huacha hati, ila furaha haiandikwi katika daftari la mkuu wa wilaya, isipokuwa pale inapomnyima usingizi.

Kisa chenyewe huanza mwaka 1929. Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha misheni cha Gahini, mashariki ya Rwanda, alikuja Kampala akiwa amechoka. Rwanda ilikuwa imekumbwa na njaa kali, hospitali yake ilikuwa na matatizo, na imani yake ilikuwa imepoa. Huko Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja kwa siku mbili. Mzungu na Mwafrika kupiga magoti pamoja kama watu wawili wenye njaa moja lilikuwa jambo geni wakati ule, na nionavyo mimi, nusu ya habari nzima imo humo. Baadaye Nsibambi aliacha kazi yake ili ahubiri, na mdogo wake, Blasio Kigozi, akaenda kufundisha Gahini.

Mfano unaonieleza zaidi ni wa Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali ya Gahini. Kinuka hakuridhika na hali ya hospitali. Alipofika kwa Nsibambi alimweleza malalamiko yake: mambo hayaendi, wafanyakazi hawana moyo. Nsibambi hakumfariji. Alimwambia kwamba chanzo cha shida kimo moyoni mwa Kinuka mwenyewe. Maneno hayo yalimkasirisha, lakini yalimfuata safarini, na kabla ya kufika nyumbani alikuwa ameamua kutubu. Aliporudi Gahini aliungama mbele ya wenzake. Wizi mdogo mdogo wa hospitali, ambao kila mtu aliujua na hakuna aliyeusema, ukaanza kutajwa wazi.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na maelezo kwamba uamsho ule ulikuwa msisimko wa nyimbo na machozi tu. Nyimbo zilikuwepo, na wimbo wa Tukutendereza ulivuka mipaka yote ya lugha. Waganda, Wakiga, Wanyarwanda na Wakikuyu waliimba neno hilo moja la Kiganda. Lakini kabla ya wimbo kulikuwa na deni la kulipa. Mtu alirudisha jembe aliloiba, alikwenda kwa jirani aliyemroga au aliyemsingizia, mume alimwomba mke wake radhi. Kisha kila juma walikutana katika vikundi na kuwekana wazi, jambo waliloliita kutembea nuruni. Furaha yao ilifanana na ya mtu aliyemaliza kulipa deni la miaka mingi na sasa anaweza kupita mbele ya nyumba ya aliyekuwa akimdai bila kujificha.

Si kwamba wote walipendezwa. Mapadri wengi wa Kianglikana waliona wanahukumiwa, na kwa kweli walokole wengine walihukumu wenzao kwa ukali. Mwaka 1941, katika Chuo cha Theolojia cha Askofu Tucker huko Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa kwa sababu hawakukubali kuacha kuamka alfajiri ili kuomba na kuhubiri. Mmoja wao, William Nagenda, hakuwahi kuwa padri, lakini alihubiri katika nchi nyingi. Miaka minne baadaye, mwaka 1945, walokole walikusanyika Kabale chini ya maneno mawili ya Kirukiga: Yesu Amara, yaani Yesu anatosha. Neno amara halisemi kwamba mtu amepata vyote. Linasema kwamba alichonacho kinamtosha.

Je, kilitosha kweli? Jibu moja lilitolewa papo hapo Kabale, tarehe 10 Februari 1973. Serikali ya Idi Amin iliamuru watu watatu wa eneo hilo wapigwe risasi uwanjani mbele ya umati. Askofu Festo Kivengere, aliyeokoka katika uamsho huu akiwa mwalimu kijana, aliomba ruhusa ya kuzungumza nao. Baadaye alieleza kwamba alikuwa akiwaendea bila kujua aseme nini. Walipogeuka, nyuso zao ziling'aa. Mmoja alimtangulia kusema: alimshukuru Mungu kwamba Yesu alimjia akiwa kifungoni, akaomba mke wake aambiwe. Kisha wakainua mikono iliyofungwa pingu, wakawapungia watu. Huu ni ushahidi wa mtu mmoja aliyeuandika akiwa uhamishoni, nasi tunapaswa kuusoma kwa tahadhari. Hata hivyo uwanja ulikuwa umejaa watu, na habari hiyo haikuanza kuenea Kigezi kwa njia ya kitabu.

Jibu la pili ni chungu. Rwanda, nchi ambamo uamsho uliwaka kwanza, ndiyo iliyoingia katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Watu waliuawa ndani ya makanisa, na viongozi kadhaa wa dini walishtakiwa kwa kushiriki. Wapo waumini waliokataa kubaguana wakafa kwa ajili hiyo, lakini hawakuweza kuyazuia. Nimesoma maandishi yanayoipita aya hii harakaharaka, na sioni kwamba yanawatendea haki walokole wa kwanza, ambao kazi yao yote ilianza kwa kutaja lililofichwa. Kufikia mwaka 1994 zilikuwa zimepita karibu miaka sitini tangu Kinuka alipoungama. Mengi yalikuwa yamebaki: wimbo, salamu, sifa ya kanisa kubwa. Ila katika vikundi vya nuruni watu walikuwa wamezoea kuungama hasira na uongo wa nyumbani, na chuki ya Mhutu na Mtutsi, iliyokuwa imekwisha kumwaga damu tangu mwaka 1959, haikutajwa kwa uwazi uleule uliotaja jembe la wizi.