Moto Uzaliwao na Hewa: Habari za Mtambo wa Dizeli

Wasikilizaji wetu, hapo kale wahunzi wa Upare walisifika kwa kuyeyusha chuma. Ukoo wa Washana ndio waliojulikana zaidi kwa kazi hiyo, nao waliukuza moto wa makaa kwa mivukuto. Leo twataka kueleza habari za mtambo ambao hewa yenyewe ndiyo iuwashayo moto wake.

Mwaka 1911 reli itokayo Tanga ilifika Moshi, ikipita Same chini ya milima. Lakini garimoshi halipandi Bombo; mzigo wa huko wahitaji gari la barabarani lenye nguvu nyingi.

Asili ya nguvu hizo ni kazi ya Rudolf Diesel. Mwaka 1897, mjini Augsburg, Ujerumani, mtambo wake ulifaulu. Kimo chake kilikuwa mita 3 hivi, nguvu zake za farasi 20 hivi, tena uligeuza zaidi ya robo ya joto la mafuta kuwa kazi. Ila ulikuwa mzito mno kwa gari. Mwaka 1927 kiwanda cha Robert Bosch kilianza kutoa kwa wingi pampu ndogo ya kusukumia mafuta, ndipo malori ya dizeli yakaenea.

Kazi yake ni hii. Pistoni huigandamiza hewa ndani ya silinda hata ikapata joto la zaidi ya digrii 500. Hapo nozeli hunyunyiza mafuta, nayo huwaka pasipo cheche. Nguvu hupita katika klachi, giaboksi na difu mpaka magurudumuni.

Basi, ajifunzaye ufundi huu na aanze na usafi. Vumbi likipenya kichujio cha hewa hula silinda. Bandu bandu huisha gogo. Silinda ikilika, hewa huvuja, joto hupungua, na moto hauwaki vema. Maji au taka katika mafuta huharibu pampu na nozeli. Oili nayo ibadilishwe kwa wakati wake.

Na katika kuteremka mlima, dereva asilitoe gari katika gia ili kubana mafuta. Alishike kwa gia nzito tangu juu, breki zisipate moto zikapoteza nguvu. Mafuta aliyoyabana hayatamrudishia abiria wake.

Kwaherini.