Kalibu ya Chuma na Injini Ndogo za Ndege

Injini ya Pratt & Whitney R-2800, ambayo Wamarekani waliifunga katika ndege zao za Thunderbolt, Corsair na Hellcat wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ina silinda 18 zilizopangwa kwa safu mbili kuuzunguka mhimili mfano wa spoku za baiskeli; na kila silinda imevikwa mapezi membamba ya kupozwa kwa upepo, ikatiwa plagi mbili, na kila plagi ikapelekewa waya wake. Upana wa mashine hiyo ni kiasi cha mita moja na sentimita 34, na fundi aundaye ndege ya mfano kwa kipimo cha 1/48 hana budi kuiingiza yote, pamoja na nyaya zake 36, katika duara la milimita 28. Jinsi mafundi walivyopata kuimudu kazi hiyo ndiyo habari nikusudiayo kuieleza, kwa kuwa historia ya ndege za mfano imesimuliwa mara nyingi, ilhali walioketi kuunda vipuri vyake aghalabu hupitwa bila ya kutajwa.

Ndege za mfano za plastiki zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1936 kwa jina la Frog Penguin, kwa kipimo cha 1/72. Zama hizo macho ya watu yalikuwa juu ya umbo la nje. Hata mwaka 1942, serikali ya Marekani ilipowataka wanafunzi wa shule wachonge ndege za mbao nusu milioni za kuwafundishia askari kupambanua ndege za rafiki na za adui, zilipakwa rangi nyeusi tupu na injini haikutakiwa, maana atazamaye angani haioni. Kampuni ya Airfix ilitoa Spitfire yake ya kwanza mwaka 1953, na biashara ikastawi kote Ulaya, Marekani na Japani; lakini mnunuzi afunguaye sanduku, mahali pa injini, aghalabu alikuta kipande bapa chenye alama za silinda, basi.

Sababu ilikuwa katika kalibu. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu baina ya pande mbili za chuma, ikiisha kupoa pande hizo huachana kwa kwenda moja kwa moja, na chochote chenye uwazi nyuma yake hunaswa humo. Vijiti vya valvu vya injini ya kweli husimama mbele ya silinda vikiacha nafasi nyuma yake, na nafasi hiyo chuma hakiwezi kuitoa. Isitoshe, kuichonga kalibu ya chuma ni gharama kubwa, na mwenye kiwanda hulazimika kuuza masanduku maelfu kwa maelfu kabla ya kurudishiwa fedha yake. Hapana atakayeitumia fedha hiyo kwa kitu kitakachofunikwa. Hivyo wapenzi wa sanaa hii walijitegemea wenyewe, wakazungusha uzi juu ya kijiti kuigiza mapezi na kunyoosha nyaya nyembamba za shaba ziwe nyaya za plagi. Na huko California kampuni ya Williams Brothers iliwauzia silinda za plastiki wale waliounda ndege za mbao zenye kuruka.

Mlango ulifunguliwa na mpira wa silikoni. Fundi huunda kwa mkono injini moja ya asili, akaimiminia silikoni ikaganda, kisha akaitoa na kusubu mahali pake rezini ya majimaji, huku mapovu ya hewa yakiondolewa kwa mashine. Na kwa kuwa mpira hukubali kupindwa, vijiti na vishimo ambavyo chuma kilivikataa hutoka salama. Kalibu ya namna hiyo huchakaa baada ya kutumiwa mara makumi machache tu, na udhaifu huo kwangu ndio uliokuwa baraka yake, maana haukuhitaji kiwanda wala rasilimali kubwa: chumba kidogo, subira, na mkono uliokomaa. Mbelgiji François Verlinden aliieneza kazi ya rezini duniani katika miaka ya 1980; huko Kanada wakatokea Engines & Things. Tena Wacheki, ambao mwaka 1989 walianzisha kampuni ya Eduard katika mji wa Most, wakaishika kwa nguvu. Eduard walianza na mabati membamba ya shaba, ambayo mchoro hupigwa juu yake kwa mwanga, kisha dawa kali ikala pale pasipokingwa. Aires na CMK, Wacheki vilevile, wakajulikana kwa rezini.

Mnunuzi naye ana kazi yake. Hukata kitako cha rezini kwa msumeno mwembamba, akijifunika pua na mdomo kwa kuwa vumbi lake ni dhara kwa mapafu, kisha hugundua kwamba injini iliyo sahihi haiingii. Bati la ndege ya kweli lenye unene wa milimita moja, katika kipimo cha 1/48, lingekuwa sehemu ya hamsini ya milimita, ilhali ukuta wa plastiki una milimita nzima. Basi hukwangua kifuniko kwa ndani mpaka mwanga upenye. Hali ni hiyo hiyo kwa injini ya Merlin 61 ya Spitfire, ambayo urefu wake wa sentimita 225 huwa milimita 47.

Mwaka 1984 Mmarekani Charles Hull aliomba hataza ya kuunda vitu tabaka kwa tabaka kwa kuigandisha rezini kwa mwanga, na siku hizi watengenezaji wa vipuri huchapa injini pamoja na nyaya na vijiti vyake kwa mara moja, bila ya kalibu yoyote. Mkono wa fundi umehamia kwenye kompyuta, na ustadi haukupungua: asiyejua plagi imekaa wapi hawezi kuichora. Atakaye leo kuunda ndege ya Dakota ya East African Airways kwa kipimo cha 1/72 hununua injini mbili za Twin Wasp zenye silinda 14 kila moja, upana wake milimita 17, akazipaka rangi ya fedha iliyofifia, na kasha la mbele akalitia kijivu.